Flashi Kwenye Kikapu cha Ardis

Vesterby hatufungi milango. Ukifunga wako kwa ufunguo, kabla ya saa sita mchana jirani atakuwa kibarazani anagonga, anauliza kama umefariki. Funguo za gari zinashinda ndani ya gari, ili mwenzako akikwama kwenye theluji achukue lako bila kukusumbua, na atalirudisha kajaza mafuta. Kwenye mji wa namna hii, mimi Duane Haugen ndiye niliyeajiriwa kuwafundisha watu kulinda data. Sijui nilimkosea nani.

Kliniki yetu ni ndogo. Kuna daktari anayekuja siku akijaliwa, kuna mimi wa kompyuta, na kuna nesi Marlys Tveit, anayezunguka na gari lake kuwatibu wazee majumbani. Marlys ndiye kliniki yenyewe, sisi wengine ni mapambo. Wazee wake wengi wanaishi huko ndani misituni ambako simu haishiki hata ukipanda juu ya paa, kwa hiyo taarifa zao anazibeba kwenye flashi: kidonda cha nani kimepona, nani kaongezewa dawa, nani siku hizi anasahau jina la mkewe. Mambo ambayo mtu humwambia nesi na hamwambii mwanawe.

Nilipoanza kazi nikakuta flashi ya Marlys imezungushiwa plasta, na juu ya plasta kaandika jina lake, namba yake ya simu, na nywila.

"Marlys, hii nini?"

"Ili atakayeiokota airudishe bila shida."

"Na akiisoma?"

"Aisome ya nini? Si yake."

Jamani, mtu kama huyo unamwanzia wapi? Nikaagiza flashi nyingine, zile zenye vitufe vya namba mgongoni. Kila kinachoingia mle kinasimbwa, yaani kinavurugwa kwa hesabu ambazo hata mimi najifanya tu kuzielewa, na hakirudi kuwa maneno ya watu mpaka mwenyewe abonyeze namba yake ya siri. Ukipatia, inawaka taa ya kijani. Ukikosea, nyekundu. Ukikosea mara kumi mfululizo inajifuta yenyewe, na taa zote mbili zinabaki kupepesa kwa zamu mpaka niitengeneze upya. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kwenye flashi hizi kata ni moja tu. Tena nikapiga marufuku kuandika jina la mtu juu yake.

"Namba ikae kichwani," nilimwambia Marlys. "Si kwenye friji, si nyuma ya simu, si kwenye kola ya mbwa."

"Na nikifa, Duane?"

"Ukifa nitakusamehe."

Akacheka. Marlys huchekea hata utani wangu, jambo ambalo mke wangu aliliacha mapema sana.

Mwezi wa pili, Jumatatu moja ya baridi ya kupasua mawe, akaingia ofisini kwangu bila kucheka.

"Duane, usikasirike."

"Sijakasirika."

"Mishipa ya shingo imeshakutoka."

"Sema, Marlys."

"Flashi siioni."

Alikuwa amepekua gari, mkoba, makoti, mpaka ndani ya buti. Siku hiyo alipita nyumba nyingi, akapita kituo cha mafuta, akaenda mpaka katikati ya ziwa lililoganda kumfunga bendeji mzee mmoja aliyekataa kutoka kwenye kibanda chake cha kuvulia kwenye tundu la barafu, eti samaki ndiyo kwanza wameanza kula chambo. Popote pale ingeweza kuanguka. Nilimfokea, sikatai. Kisha nikapiga simu makao makuu kule Duluth, maana sheria inataka hivyo.

Jibu lao lilikuwa fupi. Flashi iliyosimbwa ikipotea na hakuna aliyeifungua, basi kimepotea kipande cha chuma, yaishe. Lakini kama kuna mtu kaifungua akasoma, kila mgonjwa ataandikiwa barua ya kuombwa radhi, gazeti litapewa habari, na nesi aliyeipoteza atafukuzwa. Wala hawakuwa wanatisha tu, kwani mwaka uliopita walishamfukuza mmoja wa kliniki nyingine. Wakasema Alhamisi watamtuma mkaguzi wao, mama mmoja aitwaye Renata Quist.

"Nikiondoka mimi," Marlys akaniuliza, "nani atakwenda kule misituni?"

Tangazo la kazi ya nesi wa Vesterby likitoka, hata dubu haombi.

Jumatano nikaenda mgahawani kwa Ardis Lindahl kula pai, kwa sababu mtu akiwa na huzuni lazima ale. Ardis ndiye mwenye mgahawa pekee mjini, na ndiye redio yetu. Hakuna mimba, ugomvi wala jipu linalotokea Vesterby likachelewa kufika kwenye kaunta yake. Lisemwalo lipo, na kama halipo Ardis atalileta. Fahari yake yote ni hiyo, kwamba anajua. Mtu mmoja tu hajawahi kumpa hata tone, naye ni Marlys. Ardis anaweza kumkatia kipande cha pai kikubwa kuliko sahani, akamuuliza kwa upole kabisa, "Na wazee wako hawajambo?" Marlys atakula pai yote, atafuta mdomo, atajibu, "Baridi kali mwaka huu," kisha atavaa koti aondoke. Kwa hiyo hawapendani, ila kwa adabu.

Pembeni ya mashine ya pesa kuna kikapu cha vitu vilivyookotwa. Glovu, miwani, na meno ya bandia ya chini ambayo mwenyewe anaona aibu kuyadai. Nikatupa jicho. Katikati ya glovu mbili palikuwa na taa inapepesa. Kijani, nyekundu, kijani, nyekundu.

Nusura nimeze uma.

"Nani kaleta hii?"

"Mimi," akasema Gordy, mwenye kituo cha mafuta, ambaye hushinda kwa Ardis kuliko kwenye kituo chake. "Nimeiokota ziwani juzi, karibu na kibanda changu."

"Ukafanya nini?"

"Nikajaribu kuifungua. Ningemjuaje mwenyewe?"

"Ulibonyeza namba gani?"

"Ya simu yangu."

"Gordy! Namba ya simu yako itafunguaje flashi ya mtu mwingine?"

"Ndiyo namba pekee niliyo nayo kichwani, bwana. Usinifokee, nilikuwa nasaidia."

Alikuwa anasaidia! Kumbe kila aliyekuja kunywa kahawa tangu Jumatatu alikuwa amesaidia. Mchungaji Karsten alibonyeza sura na aya za mistari anayoipenda, akaona taa nyekundu, akahamia Agano la Kale. Dereva wa gari la kuondoa theluji alibonyeza mwaka ambao timu yetu ya magongo ya barafuni ilifika fainali za jimbo, akauandika mara mbili ili namba zitoshe. Mwingine alianza moja akaenda moja kwa moja mpaka nane. Walikuwa wanapokezana flashi ya wagonjwa kama bakuli la karanga, kila mtu kwa moyo safi, wakimtafuta mwenye mali wamrudishie mali yake. Mwizi angeitupa jalalani na sote tungelala salama. Wema wa mji huu utaniua.

Hata hivyo, nilipowaza vizuri, moyo ukaanza kutulia. Flashi imejifuta. Kilichokuwemo kimekwenda, na nakala ya wiki iliyopita ninayo kliniki. Maana yake wote walikosea na hakuna aliyeona kitu. Nikainuka niende kumpigia Marlys simu, na hapo ndipo Ardis, huku anafuta kaunta, akasema kwa sauti ya kuutosha mgahawa mzima:

"Mnajihangaisha bure. Yaliyokuwemo humo mimi nayajua yote."

Watu wakaacha kutafuna.

"Unayajuaje?" nikamuuliza.

"Nayajua tu. Goti la Gordy linataka upasuaji. Mchungaji shinikizo la damu limempanda. Niendelee?"

"Ardis, uliifungua?"

"Nimesema najua. Sikusema zaidi ya hapo."

Akatabasamu, akaenda kumwongezea mtu kahawa. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa, ila hawakusema kwamba mdomo wa huyu waweza kuponza kichwa cha yule.

Nikamkuta Marlys kliniki anapanga bendeji. Nikamweleza yote. Akakaa juu ya boksi la glovu, likabonyea.

"Namba yako nani anaijua?" nikamuuliza.

"Hakuna. Hata mbwa."

"Ni tarehe ya kitu gani? Mtu anaweza kuibahatisha?"

"Duane, wewe ndiye uliyenikataza kukuambia."

"Nilikukataza kuwaambia watu. Mimi..."

"Wewe ni watu."

Mwanafunzi akishaelewa somo, mwalimu ndiye wa kwanza kuumia.

"Mwendee Ardis," nikamwambia. "Mbembeleze aseme ukweli. Ni mdomo tu ule, hajafungua kitu."

"Nitambembeleza kwa nini? Kila siku anataka nimpe cha mtu, namnyima. Leo niende kumwomba?" Akainuka, akalinyoosha boksi. "Nina kidonda cha kusafisha saa tisa. Niache."

Alhamisi Renata Quist akafika, koti zuri, viatu visivyojua barafu. Alitaka kuwaona wote walioishika flashi, na kwa kuwa wote hupatikana sehemu moja tu, kikao kikafanyikia kwa Ardis. Gordy akamkaribisha kahawa. Yule mama akasema, "Ndiyo, asante."

Mara ya kwanza! Sisi mtu akikukaribisha kahawa unamwambia hapana, usijisumbue. Anakukaribisha tena, unasema labda tone. Akirudia ndipo unapokea kikombe, na hakuna aliyeonekana mlafi. Gordy alibaki kasimama na birika mkononi, hajui azipeleke wapi karibu zake mbili zilizobaki.

Haikuishia hapo. Renata akaonja, akasema, "Kahawa hii ni nzuri ajabu! Sijapata kunywa kahawa kama hii." Watu wakainamisha vichwa kwa aibu. Kwetu kitu kikizidi uzuri tunasema si mbaya. Siku timu ilipofika fainali, baba yangu alisema "si mbaya" huku machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu.

"Haya, tuanze," Renata akasema, akaiweka flashi mezani, bado inapepesa. "Kila aliyeibonyeza aseme alibonyeza nini."

Jambo moja tunalo: tukiulizwa ana kwa ana hatuwezi kudanganya. Gordy akatubu namba yake ya simu. Mchungaji akatubu mistari yake, akaisoma kwa sauti, na wawili watatu wakaitikia amina kwa mazoea. Dereva wa theluji akaeleza fainali yote mpaka goli la mwisho, tukamwacha amalize, maana lilituuma sote. Renata alikuwa anahesabu. Walipokwisha kusema, alikuwa na makosa tisa.

"Flashi hii haijifuti kwa makosa tisa," akasema. "Kuna mkono mmoja ulioigusa ambao haujajitaja. Na nimeambiwa kuna mtu humu ndani anayesema anajua yote yaliyokuwemo."

Hakuna aliyemtazama Ardis, kwa hiyo ikawa wazi ni nani.

"Bi Lindahl?"

Kitambaa cha Ardis kikasimama juu ya kaunta.

"Nikueleze vizuri," Renata akaendelea. "Kama mtu aliipata namba, akafungua, akasoma, kisha akaifuta ili afiche, mimi sina namna. Leo itakuwa siku ya mwisho ya Bi Tveit kazini."

Marlys alikuwa amesimama mlangoni na koti lake, mkoba wa dawa begani, kwa kuwa akitoka pale alikuwa na wazee wa kuwaona. Hakujitetea. Alimtazama Ardis mara moja, kisha akatazama buti zake. Mimi nilitamani nimshike Ardis nimtikise kama mti wa tufaha. Sema, mama wewe! Sema hujui kitu, mara moja tu katika maisha yako! Lakini nilielewa pia ninachomtaka atoe. Ardis hana mume, hana mtoto. Ana kaunta, na ana sifa ya kujua.

"Sikuifungua," akaiambia kaunta kwa sauti ndogo.

"Samahani?"

"Nimesema sikuifungua! Mnataka niimbe? Nilibonyeza, ikawaka nyekundu, halafu ikaanza kupepesa kama mti wa Krismasi, nikaitupa kikapuni. Sijui kilichokuwemo. Sijui chochote."

Kule nyuma mtu akaangusha kijiko.

"Na goti la Gordy?" nikauliza.

"Goti la Gordy! Mwenye macho haambiwi tazama. Mtu akipanda ngazi mbili anamwita mama yake marehemu. Na mchungaji alikuwa anakula soseji nne hapa kila asubuhi, sasa anaomba uji usio na chumvi. Na hilo nalo mpaka flashi?"

Mchungaji akausogeza uji wake nyuma ya gazeti.

"Ulibonyeza namba gani, Bi Lindahl?"

"Hiyo haikuhusu."

"Inanihusu, mama. Ndiyo ya kumi ninayoitafuta."

Ardis akavua aproni. Akaikunja mara mbili, akaikunja tena, mpaka haikuwa na pa kukunjwa.

"Tarehe ya kuzaliwa ya Orrin," akasema.

Sote tukatazama ndani ya vikombe vyetu. Orrin ni kaka yake. Siku ya maziko ya mama yao, mbele ya waombolezaji wote, Orrin alionja kahawa aliyoipika Ardis akasema ni nyepesi. Hawajasemeshana tangu siku hiyo, na watoto waliozaliwa mwaka ule sasa wanaendesha magari. Anaishi peke yake mwisho wa barabara ya ziwani. Tangu Krismasi hajaonekana mjini, ila gari la Marlys limeonekana limesimama kwake.

"Flashi nilijua ni ya Marlys," Ardis akasema. "Ingekuwa ya nani mwingine? Nikawaza, kama mimi ndiye ningekuwa natunza habari za Orrin, ningezifunga kwa siku aliyozaliwa. Sikutaka habari za mtu mwingine yeyote. Nilitaka kujua kama anakula. Basi. Mimi ninayejua paka wa nani kazalia wapi, kaka yangu anaumwa na sijui anaumwa nini." Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kitambaa cha kaunta. "Andika hivyo ufurahi."

Renata hakufurahi. Aliandika kidogo, akafunga kalamu yake.

"Kumi," akasema. "Haikufunguliwa. Bi Tveit, nenda kazini."

Gordy akapiga makofi, akaona yuko peke yake, akaacha. Mimi nikampiga Marlys begani, jambo ambalo kwetu ni sawa na kumkumbatia.

Marlys alikuwa ameshashika kitasa Ardis alipomwita.

"Marlys. Niambie."

"Siwezi, Ardis."

"Nimekuokoa sasa hivi mbele za watu."

"Umeniokoa, na Mungu akubariki. Na bado siwezi. Siwezi hata kusema kama kuna mtu namtibu kwenye barabara ile."

"Gari lako linasimama pale kila wiki!"

"Gari linaweza kusimama popote."

"Una roho ngumu wewe!" Ardis akamwambia, na safari hii adabu haikuwepo.

Marlys akavaa glovu polepole, kidole baada ya kidole. "Kitu kimoja naweza kukuambia," akasema, "kwa sababu si siri. Flashi zangu zina kufuli zote. Milango ya mji huu haifungwi kufuli hata mmoja."

Akatoka. Tukasikia gari likikohoa, likawaka, likaondoka.

Ardis akachukua aproni, akaifunga tena kiunoni. Kisha akaingia jikoni, na vyombo vikaanza kugongana. Hakuna aliyeondoka, hata Renata, ingawa kazi yake ilikuwa imekwisha. Ardis alipotoka alikuwa kabeba bakuli la kuoka limefunikwa, na harufu tuliijua sote: nyama ya kusaga, supu ya uyoga ya kopo, na viazi vimepangwa juu, vikaokwa mpaka vikawa vyekundu. Kwapani kabana chupa ya kahawa.

"Duane, gari lako lina minyororo ya theluji kwenye matairi. Twende."

"Na mgahawa?"

"Gordy anajua birika lilipo. Kamata hili, linaunguza."

Njia nzima hakusema neno, na hilo peke yake lilistahili kuandikwa gazetini. Kwa Orrin theluji ilikuwa imefika madirishani, lakini kijia cha kwenda mlangoni kilikuwa kimefagiliwa, na juu yake kuna alama za buti ndogo, za kwenda na za kurudi. Ardis akasimama mbele ya mlango, akanyoosha nywele, akagonga. Mtu wa Vesterby, kugonga!

"Kwani nimekufa?" ikaita sauti kutoka ndani. "Si uingie!"

Orrin alikuwa kwenye kiti karibu na jiko, blanketi limemfika kifuani. Alikuwa amekonda mpaka shati lake likawa la mtu mwingine. Alimtazama dada yake. Dada yake akamtazama. Mimi nikalitazama bakuli, maana pale ndani hapakuwa na kingine kilichonihusu. Ardis akafungua chupa, akamimina kahawa kwenye kikombe. Nyingine ikamwagikia kwenye blanketi.

"Shika."

"Usijisumbue," Orrin akasema.

"Shika unywe."

"Labda tone."

"Kunywa, Orrin."

Akakipokea kikombe kwa mikono miwili. Akanywa, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka nikadhani kasinzia. Ardis alikuwa hapumui. Kama angesema nyepesi, naapa ningemtupia bakuli lote, mgonjwa asiwe mgonjwa.

"Si mbaya," Orrin akasema.

Ardis akaketi palepale sakafuni na koti lake, akamshika kaka yake mguu juu ya blanketi, akalia kwa sauti. Nikaweka bakuli juu ya jiko, nikatoka nje kukagua minyororo ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Kesho yake mgahawa ulijaa kuliko Jumapili baada ya ibada. Wengine walikuwa wameshakunywa chai nyumbani na bado walikuja. Marlys alikuwa kwenye kaunta, na mimi kando yake. Ardis alipita na birika, akamimina huku na huku, na watu wakamsindikiza kwa macho. Gordy ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Ehe, Ardis? Orrin yukoje? Hasa hasa anaumwa nini?"

Hata mchungaji akaacha uji wake. Ardis akaweka birika chini. Akachukua kitambaa, akaifuta kaunta kutoka upande ule mpaka upande huu, taratibu, mpaka akafika mbele ya Gordy.

"Baridi kali mwaka huu," akasema.

Kisha akamkatia Marlys kipande kingine cha pai.